Futi Tatu za Mama Jirani

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba zima hiyo redio, maana pumzi niliyobaki nayo ni hii hii.

Mnajua nilikuwa fundi mwashi wa jeshi. Jengo hili nililikuta bweni la makapera, ukumbi mmoja wa vitanda arobaini, na askari waliporuhusiwa kuleta wake na watoto tukaugawa kwa mapazia ya turubai, mtu akikohoa huku anapewa pole kule. Baadaye zikaja kuta za mbao, kisha za matofali, kisha kila nyumba jiko lake na choo chake kwa nyuma, na kote humo mkono wangu ulikuwamo. Hilo najivunia.

Sasa sikilizeni la aibu. Ukuta wa matofali kati yetu na mama jirani niliujenga mumewe, rafiki yangu, akiwa vitani. Mama yenu alikuwa na mimba ya mapacha, nafasi hatuna, nikasogeza kamba futi tatu upande wao, nikajiambia akirudi tutaelewana. Hakurudi. Mjane akaniambia, “Shemeji, kitanda hakiingii tena, nipunguzie.” Nikachukua msumeno, nikakikata kitanda chao cha ndoa, naye akanishukuru. Miaka yote hii namwamkia kama sina neno.

Jeshi lilipotuuzia nyumba hizi, hati zilifuata ukuta wangu. Najua, kifungua mimba, chumba hicho unalala wewe na mkeo, na najua utanuna. Nuna, lakini ukuta uuvunje. Chini ya kitanda chako utaona sakafuni matundu ya misumari ya ule ukuta wa mbao. Jengeni hapo hapo, wala msimpunje mama jirani hata inchi. Na zile mbao ngumu darini, mnazodhani nimejiwekea za jeneza, ni za kumtengenezea yeye kitanda kipya. Futi sita na nusu. Mimi mbao za masanduku zinanitosha.

Mungu awape nyumba zenye nafasi, wanangu, na usingizi mzuri ndani yake. Mimi wangu... niinulieni mto kidogo. Jana mama jirani aliniletea chai, akakaa hapo ulipokaa. Nikafungua mdomo nimwambie, nikaishia kusema sukari imezidi.

Nendeni kwake mkamwambie... La, ngojeni. Msimwambie kitu. Mwiteni tu. Mwambieni shemeji yake anamwomba aje sasa hivi, nami nitajitahidi... nisilale kabla hajafika.