Ufunguo wa Nyumba ya Manika

Sogeeni karibu, wanangu, Badibanga na wewe Ngalula, maana sauti yangu inaisha, na baba yenu mdogo Muamba amekaa hapo sebuleni tangu asubuhi akipima kuta kwa macho.

Baba yenu Kazadi alipokufa mgodini, nilikalishwa chini kwenye mkeka, nywele zimenyolewa, na desturi yetu ilinikataza kusema wala kushika kitu mpaka kilio kiishe. Nikasikia kabati likiburutwa, nikasikia cherehani yangu, niliyoinunua kwa kuuza bukari, ugali wetu, na maharagwe kwenye mlango wa kampuni, ikipakiwa kwenye kamio, lile lori lao. Muamba akawaambia watu, "Ule mama alikuya hapa na kikapo tu, na kikapo tumemuachia." Watu wakacheka. Halafu kampuni ikataka nyumba yake, kwani ilikuwa nyumba ya mfanyakazi, na mimi niliyempikia na kumfulia mfanyakazi huyo miaka yote sikuhesabiwa.

Mwaka uliofuata vita ya Kolwezi nilianza kuchoma matofali ya nyumba hii ya hapa mtaani Manika, nawe Ngalula ukachota maji ya udongo huku kaka yako yuko shuleni, maana pesa ya shule ilitosha mtoto mmoja. Ofisini waliniuliza, "Mama, bwana yako iko wapi?" Nikajibu sina. "Basi leta mwanaume." Nikaandikisha jina lako, Badibanga, ungali hujaota ndevu. Ndiyo sababu leo Muamba, anayeitaka nyumba kupitia jina lako, anakuita "mutoto yangu", na jana nilikusikia ukimwitikia polepole.

Sikilizeni basi. Wewe Badibanga una kazi, una nyumba ya kampuni. Ngalula analala katika nyumba ya kazi ya mume wake anayekohoa vumbi la mgodi, na siku mume akifa, atatolewa nje pamoja na watoto wake kama mimi nilivyotolewa. Nyumba hii ni yake. Nikifa, Ngalula, usikae kwenye mkeka. Kaa kwenye kiti, mlangoni, ulie kadiri unavyotaka, lakini ufunguo uwe mkononi. Watasema huna adabu. Waache waseme.

Nivue huu ufunguo shingoni, Ngalula, mikono yangu... haipandi tena. Mungu awape usingizi usio na hofu, nyote wawili, na watoto wenu.

Sasa fungua mlango wa sebule, Badibanga. Mwambie baba yako mdogo nyumba ni ya nani. Sema kwa sauti. Bado nasikia.