Jumatano Tunapopima Damu

Mgeni rasmi, Afisa wa Afya wa Wilaya. Viongozi wa dini. Majirani wa Mpumudde, nanyi mliokuwa mkitukwepa njiani:

KARIBU KWETU

Sisi Familia za Jumatano tunakupokea kwa furaha kubwa. Jina letu linatokana na siku tunayowapeleka wagonjwa wetu wa skizofrenia kupimwa damu.

TULIKOTOKA

Wagonjwa wetu walijaribu dawa mbili, kila moja kwa muda wa kutosha, na sauti vichwani mwao hazikunyamaza. Kagoya, binti yangu mimi ninayesoma risala hii, alikuwa akiuza chai Buwenge. Alipougua, watu waliacha kupokea kikombe mkononi mwake.

Ndipo daktari akatueleza juu ya klozapini, dawa ya wale ambao nyingine hazikuwasaidia. Inaweza kupunguza chembe nyeupe za damu, kwa hiyo damu hupimwa, mwanzoni kila wiki.

Kagoya alikataa, akidai damu yake itauzwa. Nikakunja mkono wa shati, nikaomba nitobolewe kwanza. Muuguzi wetu, Sista Selpher, akaniuliza, "Mzee, leo mgonjwa ni nani?" Kagoya akacheka. Nyumbani tulikuwa tumekisahau kicheko hicho. Kisha akanyoosha mkono. Tangu siku hiyo, kwetu mlezi hutangulia kutobolewa.

USHINDI WETU

Sauti zimefifia. Wahab, mmoja wa wagonjwa wetu, amerudi kwenye cherehani yake Mbale. Nyongesa, mgonjwa mwenzake, anaimba kwaya. Ni kweli, dawa hii huleta usingizi na mate ya kulowesha mto, tena Nyongesa amenenepa. Lakini anayempanulia suruali ni Wahab, na wote wawili hulicheka jambo hilo.

KINACHOTUTISHA

Mashine ya kupimia damu ya hapa imeharibika, nasi tunasafiri hadi Mbale. Bila majibu dawa haitolewi. Mgonjwa akiikosa kwa siku mbili tu, hulazimika kuanza upya na dozi ndogo, na ugonjwa haumsubiri.

OMBI

Tunaomba mashine itengenezwe, na klozapini isikosekane kamwe. Tulichokipata tusinyang'anywe.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na akufikishe salama nyumbani. Lakini kabla hujasimama kutujibu, mgeni wetu, chai iliyo mbele yako imepikwa na Kagoya. Tafadhali inywe sasa, majirani wakiona.

Ni sisi, Familia za Jumatano, Mpumudde, Jinja.
Msomaji: Mzee Kirunda