Dada Yetu Muuguzi na Sinia la Vyombo Vitupu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu: familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu. Kukubaliana kisomwe nini hakukuwa rahisi. Yamo humu mambo yaliyotufanya tukae mezani kila mmoja akiangalia kitambaa cha meza badala ya kumwangalia mwenzake. Mtayasikia yakifika mahali pake. Yeye mwenyewe aliomba yasomwe. Tuliosita ni sisi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili kati ya wanne. Baba alikuwa fundi wa mabehewa na mama alikuwa mpishi wa shule. Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ulipakana na karakana, kwa hiyo alikua akisikia nyundo kutwa nzima, na mpaka utu uzima aliweza kusinzia popote penye kelele. Ukimya ndio uliomsumbua. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa, alikohoa tu, kama mtu anayeomba njia apite.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza mwaka 1982. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha uuguzi, na alipohitimu mwaka 1986 akaomba kupangiwa wodi ya wagonjwa wa akili. Baba hakuelewa.

"Wenzako wote wanakimbilia wodi ya wazazi. Wewe unakwenda kufanya nini kule?"

"Baba, wodi ya wazazi wageni wanasukumana mlangoni. Kule hakuna anayekuja hata kuuliza saa."

Alifanya kazi kule miaka thelathini, na mingi kati ya hiyo katika chumba cha mwisho wa korido, kile chenye ukuta wa kijani hadi usawa wa kifua na madirisha yenye wavu. Humo waliletwa watu walioshindwa na pombe. Wengine waliletwa na wake zao, wengine na polisi, wengine walikuja wenyewe wakidai wanasumbuliwa na kiungulia. Aligundua mapema kwamba ukimuuliza mtu anakunywa kiasi gani, atakujibu "kidogo tu", hata kama ameingia kwa kubebwa mikono na miguu. Basi akaacha kuuliza. Akachukua sinia la bati, akapanga juu yake kikombe cha chai, glasi, chupa ndogo, chupa kubwa na jagi, vyote vitupu. Alikuwa akiliweka mbele ya mgonjwa na kumwambia, "Nionyeshe, usiniambie."

Wauguzi wanafunzi aliwafundisha jambo moja zaidi. Mgonjwa, alisema, atagusa kikombe kwanza. Wote wanagusa kikombe. Usiandike, usikohoe, usimsaidie. Subiri. Mdomo unaona haya, lakini mkono unakijua chombo chake, na ukipewa nafasi utakifuata. Kwa ajili hiyo wagonjwa wakamwita Mama Sinia, na jina likamfuata hadi sokoni.

Familia za wagonjwa nazo alizifundisha. Walikuwa wakija wake waliowafungia waume zao chumbani bila tone ili pombe "ikatike", na sasa mume anatetemeka, anaongea na watu wasiokuwepo. Hakuwafokea. Aliwaeleza kwamba mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kufa, kwamba kuachishwa ni kazi ya hospitali, na kwamba jambo la kwanza muuguzi anahitaji ni ukweli. "Ukinificha," alikuwa akiwaambia, "nitamtibu mtu mwingine, na huyu wako atakufa kitanda hichohicho."

Alifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989 na shemeji yetu, fundi cherehani, ambaye hospitali ilimpa kazi ya kushona sare. Gauni lake la kazi dada alilirudisha mara tatu, akidai mfuko ni mfupi, kalamu zinaanguka. Mara ya tatu fundi akavua miwani.

"Sista, mfuko huu hauna kosa. Sema tu unapenda kuja dukani."

"Basi ushone vibaya tena," akamjibu, "nipate sababu."

Walijaliwa watoto wawili, binti na kijana. Nyumba yao ilikuwa ya vicheko, na cherehani ikipiga kelele sebuleni, kelele ambazo dada alizihitaji ili apate usingizi.

Sasa tumefika mahali ambapo kaka yetu mkubwa alitaka niruke mistari kadhaa. Amekubali nisiruke, na ninamshukuru.

Kuanzia kama mwaka 2007, dada yetu alikunywa. Duka la shemeji lilihamia mjini, cherehani ikahama nalo, na yeye akawa anarudi kutoka zamu kwenye nyumba tulivu na usingizi hauji. Alianza na kiasi kidogo cha kumlaza. Hatukujua lini kiasi hicho kilizidi. Tulichojua ni kwamba ilikuwepo chupa ya chai ya bluu, pembeni ya kabati, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuimimina ila yeye. Alisema ni dawa ya kifua. Tukasema ni dawa ya kifua. Watoto wakakua wakijua kwamba chupa nyekundu ni ya wageni na ya bluu ni ya mama.

Siku wazazi wa mkwe wetu walipokuja kujitambulisha, kijana wa kazi za nyumbani, kwa haraka ya kuhudumia, alimmiminia baba mkwe kutoka kwenye ile ya bluu. Mzee akanywa funda moja. Akaweka kikombe mezani taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Chai yenu," akasema, "ina tangawizi ya nguvu kweli."

"Ni ya kifua," shemeji akawahi.

"Basi na mimi kifua kinanibana. Niongezee kidogo."

Tulicheka mpaka machozi. Mzee huyo yupo hapa leo na ameniruhusu niseme. Dada alicheka kuliko sote, kisha akaenda jikoni, na nilipomfuata nilimkuta ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Nikajifanya nimefuata vijiko. Tulikuwa tumepewa nafasi na mtu wa nje kabisa, mbele ya sinia lililo wazi, na sisi sote tukagusa kikombe.

Mwezi wa Aprili 2016 aliteleza bafuni akavunjika paja. Alilazwa katika hospitali yake mwenyewe, wodi ya majeruhi, huku wauguzi wakigombania kumpangia mito. Daktari kijana akafika na maswali ya kawaida: mzio, dawa, upasuaji wa zamani.

"Pombe, mama?"

"Hapana."

Shemeji yetu alikuwa amesimama kichwani pa kitanda. "Huyu?" akasema, na akacheka. "Hata soda ya tangawizi hanywi."

Binti yake alikuwepo. Mimi nilikuwepo. Daktari akaandika alichoambiwa.

Siku iliyofuata mikono ilianza kumtetemeka. Halafu jasho. Halafu akawa anaokota sisimizi kwenye shuka safi na kuwapanga pembeni ya mto. Alimwamuru mgonjwa asiyekuwepo arudi kitandani. Madaktari walidhani labda ni mfupa umeingia vijidudu, labda ni kichwa kiligonga sakafu, wakaongeza dawa za vijidudu na kuomba picha ya kichwa. Mwili ukamkakamaa, akapoteza fahamu kwa muda, povu mdomoni. Sisi tuliokuwa tukijua tulisimama koridoni tukiulizana kama ni sukari. Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme. Mtu aliyefundisha familia ngapi sijui kutowaficha wauguzi alikuwa anakufa ndani, na familia yake mwenyewe inaulizana habari za sukari.

Aliyemwokoa ni muuguzi wa wodi ya akili ambaye dada alimfundisha kazi, na hata huyo alipokuwa mkuu wa wodi, dada aliendelea kumwita Mwanafunzi. Alikuja kumsalimia tu. Alisimama mlangoni, akaiangalia mikono ile, akaondoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa amebeba sinia la bati. Dada alikuwa amepata nafuu kidogo, macho yamerudi. Mwanafunzi akaliweka sinia mapajani pake, kwa uangalifu, upande usiovunjika.

"Sista. Nionyeshe, usiniambie."

Dada yetu akaliangalia sinia lake. Akanyoosha mkono, akagusa kikombe.

Mwanafunzi hakuandika. Hakukohoa. Alisubiri, na sisi tukasubiri, na shemeji akaanza kusema neno, Mwanafunzi akamnyamazisha kwa kidole bila kugeuka. Mkono ule ukaondoka kwenye kikombe, ukapita glasi, ukapita chupa ndogo. Ukaishika chupa kubwa shingoni na kuilaza kifuani. Shemeji alitoka akaenda kusimama barazani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi: dawa ya kutuliza, iliyopunguzwa kidogokidogo, sindano za vitamini, taa isizimwe, sauti moja anayoijua ya kumwambia yuko wapi. Paja lilipotulia walimhamishia wodi yake mwenyewe, chumba cha ukuta wa kijani, sasa akiwa amelala. Jirani yake wa kitanda alikuwa fundi viatu ambaye dada aliwahi kumhudumia mara nyingi.

"Sista," akamwambia, "karibu upande wetu. Chakula ni kilekile, ila huku unaletewa."

Dada alisema hiyo ndiyo salamu pekee ya siku zile ambayo haikumuumiza. Nyingine zilimuumiza. Aliporudi nyumbani, mtu fulani kwenye duka la jirani alimwita kwa sauti, "Mama Sinia, leo umejionyesha mwenyewe?" na watu wakacheka. Alinunua alichofuata akaondoka na mkongojo wake. Kwa muda mrefu binti yake ndiye aliyetumwa dukani, si kwa ajili ya mguu.

Aliacha kazi mwaka 2017. Lakini kila Jumatano alirudi kule, bila mshahara na bila sare, akakaa kwenye benchi na walioletwa. Alianza kwa kuwaambia, "Mimi niliulizwa nikasema hapana." Aliirudia pombe mara moja tu, mwaka 2019, tulipomzika mama. Safari hiyo hakungoja kuletewa sinia. Alimpigia simu Mwanafunzi, akamwambia, "Niandalie kitanda, ni chupa kubwa."

Baada ya hapo hakunywa tena. Ila ini lilikuwa limeshachoka. Mwaka jana tumbo lilianza kumjaa maji, na mwaka huu akatapika damu. Alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, asubuhi, katika wodi ya hospitali ile, Mwanafunzi akiwa amemshika mkono mmoja na shemeji ule mwingine.

Majuma machache kabla alinitaka niandike haya. Kaka yetu alikuwepo, na kwa mapenzi yake kwa dada alikataa.

"Tuandike 'baada ya kuugua kwa muda mrefu'. Kila mtu anaandika hivyo. Una wajukuu, una wakwe."

"Kaka, hapo nitakuwa nimesema hapana mara ya pili," dada akamjibu. "Na safari hii hakuna wa kuniletea sinia."

Hata hivyo, alipokwisha kuondoka, tulirudi palepale. Juzi tulikaa kuzunguka meza na karatasi ya ratiba inahitajika kwa mpiga chapa. Kaka alisema aibu hii haitazikwa, itabaki na sisi. Binti wa marehemu alilia. Mimi nilikuwa tayari kufuta. Kijana wa mpiga chapa alikwisha kupiga simu mara ngapi sijui. Ndipo shemeji yetu, ambaye tangu msiba uanze hakuwa ametoa neno zaidi ya ahsante, akavua miwani.

"Mimi ndiye niliyesema hata soda ya tangawizi hanywi," akasema. "Imeandikwa kwenye faili lake. Nilimcheka daktari. Mnataka neno langu la mwisho juu ya mke wangu liwe lile?"

Kaka alivuta karatasi, akafuta mwenyewe "kuugua kwa muda mrefu", akanirudishia kalamu.

Ndiyo maana mnasikia mnayoyasikia. Tunaona haya, na hatutawadanganya kwamba haya hiyo imekwisha kwa sababu tumesema. Lakini kama mmoja kati yenu ana chupa ya bluu nyumbani, yake au ya mtu wake, usimfungie chumbani, na usimpeleke hospitali ukamsemea hapana. Hilo ndilo alilotuachia.

Marehemu ameacha mume ambaye ni fundi cherehani, binti ambaye ni mwalimu, kijana ambaye ni fundi umeme, wakwe wawili na wajukuu watatu, kaka mmoja na wadogo wawili, na Mwanafunzi, ambaye shemeji ameagiza atajwe hapa pamoja na watoto. Sinia limebaki wodini, mahali pake.

Dada yetu ameshaonyesha. Sasa mkono wake upumzike, naye apumzike kwa amani.