Mtungi Uliokuwa Chini ya Magunia ya Pumba

Ndugu zangu katika Bwana, asifiwe Yeye aliyenipa miguu ya kusimama hapa asubuhi ya leo! Wengi wenu mnanifahamu. Nilikuwa mtunza masjala katika ofisi ya serikali pale Moshi hadi nilipostaafu, na sijazoea kuzungumza bila karatasi. Leo karatasi nimeiacha makusudi. Nilihofia kwamba ningeandika mambo mazuri kuliko yalivyokuwa.

Nilikuwa mtu wa kujivunia utaratibu. Gari langu dogo lina jalada lake: bima, stakabadhi ya mtungi wa kuzimia moto, kila kitu kwa mpangilio. Trafiki aliponisimamisha nilifungua buti, nikamwonyesha mtungi ukiwa ndani ya boksi, nailoni haijachanwa. Niliutunza kama mali ya serikali, usiguswe, usichubuke. Ndugu zangu, tangu siku niliyoununua sikuwahi kuutazama mshale wake wa kupimia presha!

Jumamosi moja nilikuwa nampeleka mama yangu mzazi nyumbani Machame, akitoka hospitali. Alikuwa amevunjika mguu, umefungwa plasta kuanzia pajani hadi kwenye kisigino, kwa hiyo nilimlaza kiti cha nyuma, mito miwili mgongoni. Kwenye buti nilikuwa nimepakia magunia matatu ya pumba za ng'ombe wake. Mtungi ulikuwa chini ya magunia hayo.

Tulipoanza kupanda mlima nilisikia harufu ya waya unaoungua. Nikajiambia ni moshi wa shambani. Mama akaniuliza kwa Kichagga nani anachoma mpira. Kisha moshi ukaanza kutoka pembeni mwa boneti, mweusi, na nikaona mwanga mwekundu ukicheza chini yake.

Nilisimamisha gari. Na hapa, ndugu zangu, ndipo ninapoona aibu. Sikumwendea mama. Nilikimbilia buti! Nilivuta gunia la kwanza, likapasuka, pumba zikanijaa machoni. La pili lilikuwa zito mno. Nilimsikia mama akiniita jina langu la utotoni, ambalo alikuwa hajaniita tangu nilipooa. Aliniita kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumsumbua mwenziwe, na sauti hiyo ndiyo inayoniamsha hadi leo.

Niliupata mtungi. Nailoni ilikataa kuchanika, nikaitafuna kwa meno. Nikachomoa pini, nikabana. Ulitoa pumzi moja tu ya vumbi, ukanyamaza. Unga wa ndani ulikuwa umegandia chini, na mshale umelala kwenye nyekundu.

Nyuma yetu lilisimama gari la kukusanya maziwa. Aliyeliendesha ni mama mmoja wa makamo, simfahamu. Alishuka akiwa tayari ameshika mtungi wake, kwa maana ulikuwa umefungwa kando ya kiti chake, naye aliuchomoa kwenye kishikio kabla mguu haujagusa ardhi. Nilikuwa nimeinama kufungua boneti.

“Mzee, acha hiyo, utaulisha moto hewa!” aliniambia. “Mtoe bibi kwanza.”

Nikamshika mama makwapani, nikamvuta. Alilia mara moja tu, plasta ilipogonga kizingiti cha mlango. Yule mama alifyatua boneti kutoka ndani ya gari bila kuiinua, akaingiza mdomo wa mtungi kwenye upenyo ule mwembamba, akapuliza huku na huku mpaka mwali ukafa. Kisha akamsalimia mama yangu shikamoo, akamwuliza kama anapenda maziwa ya mgando. Bwana apewe sifa! Moto ulikuwa umeshafika kwenye dashibodi.

Siku tatu baadaye niliketi kuandika malalamiko dhidi ya mwenye duka aliyeniuzia mtungi. Nilikuwa na hasira ya haki, au niliiona hivyo. Niliandika kurasa mbili za Kiswahili kikali, nakala kwa wakubwa wote. Nikafika aya ya kueleza mazungumzo ya siku ya ununuzi. Kalamu ikasimama. Kwa maana nilikumbuka alichoniuliza yule muuzaji, bila kificho, mitungi ikiwa imepangwa mbele yetu: “Mzee, unataka wa trafiki au wa moto?”

Nami nilimjibu, “Wa trafiki unatosha.”

Ndugu zangu, maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kuandika kumbukumbu ya uongo. Niliichana barua ile, nikapiga magoti, nikalia mbele za Mungu. Bwana alikuwa ameniokoa na moto Jumamosi. Jumanne aliniokoa na mimi mwenyewe.

Sasa nina mtungi wa unga mkavu wa kilo mbili, mshale ukiwa kwenye kijani. Fundi ameufunga sakafuni mbele ya kiti cha abiria, kwa kishikio cha chuma na bolti zilizopenya bati, ili usibingirike chini ya pedali ya breki. Naufikia nikiwa nimeketi. Nimejaribu nikiwa nimefumba macho. Kila mwezi nauchomoa, naugeuza juu chini, naugonga kitako unga usigande. Na bado naogopa. Nikisikia harufu yoyote barabarani, mikono inalowa jasho.

Nimejifunza kuomba nikiwa na hofu hiyo, wala siombi tena iondoke kwanza. Nawasihi mmtumaini Bwana, ninyi mliokuja leo kwa magari yenu na wazee wenu na watoto wenu. Baada ya ibada nitakuwa pale nje na spana. Mwenye mtungi kwenye buti anifuate, tuuhamishe pamoja. Sitamwuliza aliununua kwa ajili ya nani. Jina la Bwana litukuzwe!