Vyoo Thelathini na Kimoja vya Bwana Inama

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Bwana Inama atarudisha buti, filimbi na funguo za geti la msituni. Hapo atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja ya utumishi. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu mimi dereva wa kituo nimemwendesha miaka kumi na tisa, na kwa sababu katika kituo chote hakuna anayeongea kunishinda. Shule niliiachia njiani, nakiri, lakini nimeendesha magari katika nchi nne na kuoga katika bahari mbili, kwa hiyo mtu nikimsifia mjue nimelinganisha.

Jina lake la kwenye faili wengi wetu hatulikumbuki. Hili la Bwana Inama alipewa na wageni. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watu msituni kila Jumamosi asubuhi na kuwaonyesha dalili za wanyama: nyayo kwenye tope, unyoya, mwiba wa nungunungu, tunda lililong'atwa likatupwa kwa dharau. Wanyama wenyewe kwetu ni watu wa aibu. Wakisikia viatu wanajifungia ndani. Basi mgeni akianza kulalamika kwamba ametembea saa nzima hajaona hata mkia, alikuwa akimwambia neno moja tu, ainame. Mgeni anainama, anaonyeshwa mstari mwembamba vumbini, anaambiwa huyo ni kenge, kapita alfajiri, ana haraka, na mguu wake wa kushoto umeteleza pale kwenye jani. Niliwaona wanaume wazima walioingia wamenuna wakitoka wanatambaa.

Hakuanza kama kiongozi. Aliajiriwa kufyeka njia, na kwa kufyeka, tuseme ukweli, alikuwa hafai. Bwana msitu wa enzi hizo alikuta hatua mia moja zimemchukua siku mbili, kwa sababu kila akikuta unyayo alikuwa akiuzunguka asiuharibu. Njia ikawa imepinda kama utumbo. Badala ya kumfukuza, mkubwa yule alimpa wageni akampa na filimbi. Njia ile iliyopinda ndiyo tunayoitumia hadi leo, na wataalamu wanaisifu kwamba imefuata mandhari.

Ana siri yangu moja, na leo naitoa mwenyewe kabla hajaondoka nayo. Mwaka mmoja niliwaita watumishi wote waje kuona mti ulioparuliwa na chui karibu na maegesho. Nililieleza kundi jinsi chui anavyonoa kucha, nikaongeza na ya nchi za nje. Bwana Inama akainama, akanusa, akakwaruza gome kwa ukucha, akakuta rangi nyeupe. Alinitazama. Kisha akawatangazia wote kwamba ni chui kweli, ila huyu anakunywa dizeli. Watu wakacheka wakidhani ni utani, na mkuu wa kituo hakujua kamwe ni nani aliyeugonga mti ule akirudi kinyumenyume na gari. Mkuu, kama unasoma, ndiyo mimi, na bampa nilishainyoosha.

Nyumbani hali ni ile ile. Shemeji yetu, mkewe, anasema sukari ilikuwa ikipungua bila maelezo. Mzee akachukua tochi, akapiga magoti jikoni, akafuata punje moja moja kutoka kabatini, zikapita chini ya meza, zikapanda kwenye kiti, zikaishia juu ya mto wa kiti. Kiti chake mwenyewe. Shemeji anasema mume wake hakukata rufaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo bila hilo wasifu huu ungekuwa mfupi na yeye angekuwa mjini. Neno moja tu ndilo lililotaka kumponza.

Dalili kubwa kupita zote msituni ni ile ambayo mnyama huiacha nyuma akishashiba. Mimi dereva ninalo jina lake fupi na ninyi mnalijua. Bwana Inama hajawahi kulitamka. Mama yake mzazi alimlea akimwambia kwamba jina lile halitoki kinywani mwa mtu aliyepiga mswaki. Kinyesi nalo alilikataa, akisema ni neno la maabara, linamtia baridi kama sindano. Yeye alisema choo. Choo cha sungura, choo cha digidigi, choo cha nguruwe pori. Njiani kila mtu alimwelewa, kwa kuwa alikuwa amekinyooshea kidole.

Miaka miwili iliyopita barua ilitoka makao makuu. Wageni hawaoni wanyama, ilisema, kwa hiyo matembezi yafungwe mwishoni mwa robo ya mwaka, na kiongozi wake ahamishiwe stoo ya vifaa vya ofisi, ghorofa ya tatu, chumba kisicho na dirisha. Kama upo ushahidi kwamba wanyama wapo, uletwe kwa maandishi ndani ya wiki mbili. Sijawahi kumwona mtu mzima akinywea vile. Alikaa kwenye benchi la jikoni kituoni, chai inapoa, akauliza huko stoo kuna nini cha kufuatilia. Karani akamjibu kwa huruma kwamba labda panya. Akafikiri kidogo, akauliza wa aina gani.

Aliingia msituni siku kumi na mbili mfululizo. Akatoka na kurasa kumi na nne za mwandiko wake, tukazituma kwa haraka bila hata kuzisoma, na hilo ni kosa letu sote. Huko makao makuu bahasha ilifunguliwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga jani. Akasoma: Choo cha Digidigi, karibu na mwamba. Choo cha Nungunungu, kando ya njia, kipya kabisa. Choo cha Fungo, kikubwa, kinatumiwa na ukoo mzima tangu zamani. Jumla ya vyoo thelathini na kimoja, vyote vinatumika. Yule ndugu akapiga muhuri, akaipeleka ripoti Idara ya Majengo.

Sisi tukajibiwa mstari mmoja tu, kwamba mkaguzi atafika Alhamisi kuviona vyote. Tukashangilia. Bwana Inama alipiga pasi hadi kofia.

Nilimpokea mkaguzi stendi. Mama mrefu, mkavu, ana faili, futi ya chuma na pima maji. Nilishangaa kidogo mtaalamu wa wanyama kutembea na pima maji, lakini mtu aliyezunguka dunia kama mimi haulizi maswali ya kishamba. Nikawafuata yeye na Bwana Inama kwa nyuma kubeba maji ya kunywa, na kwa hiyo haya nimeyasikia kwa masikio yangu.

Mama aliuliza vyoo hivyo vina umri gani. Akajibiwa kwamba vingi ni vya leo asubuhi. Mama akasimama. Akauliza ni vingapi vyenye paa. Bwana Inama, kwa furaha ya mtu aliyepata mwenzake, akasema vya paa ni sita, vilivyobaki ni vya digidigi na wengineo. Mama akaandika: sita vimeezekwa. Akauliza usafi. Akaambiwa hakuna wasiwasi, wapo dundu, wanakuja wenyewe, wanaviringisha kila kitu na kuondoka nacho kinyumenyume. Mama akauliza hao kina Dundu wana mikataba. Mimi hapo maji yalikwisha kunipalia.

Alipotaka kujua choo cha kwanza kiko wapi hasa, maana haoni ukuta wala bomba, Bwana Inama alimwomba radhi kwa upole, akamwambia amekikanyaga.

Mama alitazama kiatu chake, akatazama ripoti, akatazama kiatu tena. Kisha akafunguka. Alisema amesafiri saa sita, ameacha ukaguzi wa jengo la ghorofa mbili, na ndani ya faili ana maswali kumi kuhusu nani aliyeruhusu kituo chenye watumishi wanane kujenga vyoo karibu vinne kwa kila tumbo. Alisema atarudi leo leo na ataandika kwamba hakuna kitu. Hapo ndipo tulipoelewa sote. Kama angeandika vile, njia ilikuwa imekufa, na stoo ile ilikuwa inamngoja Bwana Inama.

Mimi nilifungua mdomo nimtetee. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakikutoka kitu. Bwana Inama hakujitetea wala hakutaja kazi yake. Alikata jani pana, akapiga goti, akamfuta mama kiatu taratibu, akamwambia huyo aliyemchafua ni digidigi jike, ana mtoto, na kama mama hana haraka sana atamwonyesha kile kikubwa cha fungo, ni hatua arobaini tu, halafu dereva atamrudisha.

Akaenda. Nadhani ni kwa sababu ya kile kiatu.

Fungo, kwa wasiomjua, ni mnyama wa usiku mwenye madoa, na ana adabu kuliko wapangaji wengi niliokaa nao. Hajisaidii ovyo. Anachagua mahali pamoja na kurudi hapo hapo miaka nenda miaka rudi. Mama alikuta eneo la mviringo, limejaa magamba ya jongoo na kokwa za matunda ya mwituni, na katikati yake miche midogo ya kijani imeota, imesimama kama watoto kwenye foleni. Bwana Inama akamweleza kwamba nusu ya miti aliyopita chini yake imepandwa hivyo. Mama akauliza kama ni ukoo mmoja tu unaotumia pale. Akauliza kisima kiko umbali gani. Halafu akainama. Akatoa futi, akapima pande zote mbili, akaanza kuandika.

Aliinama kwenye vyoo vyote thelathini na kimoja. Tulitoka saa kumi na moja jioni, magoti yamekolea tope, mama anabishana na Bwana Inama kwamba kile cha kumi na tisa si cha sungura, na alikuwa na hoja.

Ripoti yake ilikuwa rasmi, imepigwa chapa, ina jedwali. Mtumiaji. Hali. Umbali kutoka kwenye maji. Milango: hakuna. Vya paa: sita. Na chini kabisa aliandika kwa kalamu kwamba yeye kama mkaguzi wa miaka ishirini anathibitisha kuwa palipo na choo kinachotumika pana mwenyeji, na kwamba makao makuu yakiendelea kusema msitu ule hauna wanyama, yamweleze vile vyoo ni vya nani. Mkurugenzi aliisoma. Inasemekana alitafuta jibu siku nzima. Matembezi hayakufungwa, na stoo ile walimpeleka mtu mwingine, ambaye tunaambiwa anasinzia vizuri tu.

Miaka hii miwili ya mwisho Bwana Inama ameitumia kumfundisha binti wa karani, msichana asiyeogopa tope, na Jumamosi ya kwanza baada ya tarehe thelathini, saa moja asubuhi, matembezi yataondoka getini kama kawaida chini yake. Nyuma kabisa ya msafara atakuwepo mstaafu, amejiandikisha kama mgeni, ameahidi kunyamaza. Tafadhali asiulizwe swali lolote, la sivyo tutalala huko.

Asante, kaka, kwa kutuonyesha tuliyokuwa tunayaruka. Mungu akupe siku nyingi kuliko kurasa za ripoti zako, na asikunyime hata siku moja mtu wa kumwonyesha.