Mama Farasi wa Manyamanyama: Maisha ya Hyasinta Wegesa Burito (1961–2025)

Ndugu waombolezaji, na ninyi majirani wa Manyamanyama mliofunga biashara zenu mkaja Butiama leo, Jumanne tarehe 20 Mei 2025, familia inawashukuru kabla ya neno lingine lolote. Ninayesoma ni Enoka Burito, mdogo wake marehemu anayemfuata. Nimeombwa nisome kwa ufupi. Dada angecheka kusikia hivyo, maana alinijua.

Hyasinta Wegesa alizaliwa tarehe 11 Agosti 1961 kijijini Bugwema, Musoma Vijijini, akiwa mtoto wa pili wa mzee Burito na mama yetu Mary. Wazazi walilima pamba na mtama, na yeye ndiye aliyetulea sisi wadogo zake wao wakiwa shambani. Alikuwa mkali kidogo. Lakini ugali ukipungua, aliyelala na njaa ni yeye, na asubuhi hakumsimulia mtu.

Alisoma shule ya msingi hapo Bugwema kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Mwaka 1977 alipelekwa Musoma mjini, akakaa Kitaji kwa shangazi yetu na kujifunza kushona na kudarizi kwa masista. Vitambaa vyake vya makochi viliingia nyumba nyingi pale Kitaji. Kama uliwahi kukaribishwa sebuleni ukaegemea ua jekundu lenye maneno "Karibu Mgeni", huenda uliegemea kazi ya dada.

Tarehe 26 Novemba 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu Felisian Masanja, fundi muashi, mzaliwa wa hapa Butiama. Walihamia Manyamanyama, mjini Bunda, na Mungu akawajalia watoto watatu. Huko alipata baraka nyingine. Marehemu mzee Abdulnasir, fundi makochi, alimpa nafasi katika karakana yake, akamfundisha kujaza viti na kukaza vitambaa pamoja na binti yake mwenyewe, Hasna. Mzee alipofariki, Hasna na dada waliendelea na meza ileile. Pilau ya Idi ilitoka kwa Hasna, ya Krismasi ikatoka kwa dada, na sisi ndugu hatukuwahi kukosea tarehe hata moja kati ya hizo.

Kazi iliyompa jina ilianza mwaka 2009. Kambi moja ya watalii, mashariki ya Bunda, ilikuwa imeleta farasi wa kupandwa na wageni. Msimamizi wa farasi hao, ndugu Alfonce, ambaye yupo hapa nasi, alikuja kutafuta fundi wa kushona nguo inayolazwa mgongoni mwa farasi, chini ya tandiko analokalia mpandaji. Dada hakuwa amewahi kumgusa farasi. Alichukulia kwamba ni kitambaa cha kochi kama vingine, ila kochi hili lina miguu na mkia. Basi akadarizi kila nguo kuanzia ukingo hadi katikati, maua na maneno "Safari Njema", kwa uzi mnene. Karakana nzima ilisifia.

Wiki haikuisha Alfonce akarudi. Farasi jike mmoja mweupe, waliyemwita Sabuni, alikuwa na kidonda pale mgongo unapoanzia. Mafundo ya uzi yalikuwa yamemchuna.

"Mama, maua yako mazuri sana," alisema Alfonce, "ila farasi hasomagi."

Watu walicheka. Dada hakucheka. Kesho yake alipanda gari hadi kambini. Alipomsogelea Sabuni, yule mnyama alirudi nyuma, ngozi ikimtetemeka hata kabla ya kuguswa. Dada alilia mbele ya wafanyakazi wote, kisha akajifuta kwa kanga akauliza, "Sasa nitajuaje panapomuuma, na yeye hasemagi?"

Alfonce akamfundisha. Ukimvua farasi tandiko baada ya safari, tazama jasho. Likienea sawasawa, uzito umeenea sawasawa. Ukiona mahali pakavu katikati ya jasho, hapo ndipo anapobanwa.

Dada alirudi Bunda akafumua kila kitu. Alijaza pamba, ikajikusanya mabonge. Alijaribu sponji la makochi, Alfonce akasema litamchoma mnyama kwa joto. Mwishowe alipanga matabaka ya blanketi kuukuu, akayafunika kwa kitambaa laini cha pamba kisicho na ua wala fundo, mishono yote akaipeleka pembeni. Katikati aliikata nguo ifuate mstari wa uti wa mgongo, isimame juu ya mfupa badala ya kuulalia.

Na kwa kuwa farasi hawako Manyamanyama, mtu wa kujaribia alikuwa shemeji Felisian. Siku moja katekista wetu alipiga hodi, akasikia "karibu", akaingia. Akamkuta baba mwenye nyumba amepiga magoti na mikono chini kwenye mkeka, nguo ya farasi mgongoni, na mama amemkalia juu. Shemeji, bila kuinua kichwa, alikuwa anasema, "Huku kushoto bado kuna bonge." Katekista akasema atapita siku nyingine. Shemeji, utusamehe, lakini bila mgongo wako hadithi hii isingekuwepo.

Nguo ile ilipowekwa kwa Sabuni, jasho lilienea lote. Aliendelea kubeba wageni kwa miaka mingi, na dada alimshonea hadi alipozeeka. Mjini watu wakaanza kumwita Mama Farasi, na mabaki ya blanketi akawashonea punda wa wauza maji. Mwenye punda mmoja alilalamika, "Mama Farasi, punda si mtalii bwana." Dada akamjibu, "Na wewe ni mtalii wa wapi? Mbona unalaliaga godoro?" Yule bwana aliondoka na nguo yake.

Mwezi Februari 2024 marehemu alipatwa na kiharusi. Alilazwa hospitalini Musoma, akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa hawezi kujigeuza, na maneno yake yalibaki machache. Muuguzi alituonya kwamba mgonjwa wa namna hii mara nyingi huumizwa na kitanda kuliko ugonjwa. Dada alimsikia. Alimshika mkono binti yake Tabitha, akajitahidi hadi neno likatoka: "Mgongo." Akarudia, machozi yakimtoka: "Mgongo wangu." Alijua kidonda cha mgongo kinavyokuwa. Katika yote yaliyompata, hilo ndilo aliloliogopa, na ndilo pekee alilotuomba.

Tabitha, ambaye alikuwa amerithi kazi ya mama yake, alishona tandiko la kitanda kwa namna ileile ya farasi, matabaka ya blanketi na mishono pembeni. Hasna alikata kitambaa. Shemeji alilala juu yake kwanza, kama kawaida yake. Kila dada alipogeuzwa, Tabitha alitazama shuka kuona jasho limeenea vipi. Alfonce alikuja kila likizo kutusaidia kumwinua. Kuna wakati nyonga yake ilianza kuwa nyekundu, na nyumba nzima ilikosa raha. Tabitha na Hasna walifumua tandiko lote, wakalipanga upya, wekundu ukaondoka. Dada alitabasamu kwa upande mmoja uliomtii.

Alifariki Jumamosi alfajiri, tarehe 17 Mei 2025, nyumbani kwake Manyamanyama, familia yake ikiwa kando yake. Wanawake waliingia kumwosha. Sisi wanaume tulikaa nje, na shemeji Felisian hakuwa ametoa chozi. Hasna alitoka, mikono bado imelowa, akapita mbele yetu wote hadi alipokaa shemeji.

"Shemeji," alimwambia, "tumemgeuza tukamwangalia wote. Mgongo ni mzima. Hauna hata mkwaruzo."

Hapo ndipo shemeji alipolia, nasi tukalia naye, na tulikuwa tunamshukuru Mungu.

Marehemu ameacha mume, Felisian, watoto watatu, Tabitha, Mary na Masanja, wajukuu saba, wadogo zake watatu, mimi nikiwemo, dada aliyempata kwa kazi, Hasna, na ndugu Alfonce na farasi wake. Tunawashukuru wauguzi wa Musoma, jumuiya yetu ya Manyamanyama, na kila aliyekuja kutusaidia kumgeuza.

Sisi tumemlaza vizuri kadiri tulivyoweza. Sasa tunamwachia Mungu, amlaze pema kuliko sisi. Dada Hyasinta, pumzika kwa amani.