Aliyehesabu Mizunguko ya Nati: Fundi Maundu Anatuaga

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2008, Fundi Jonathan Maundu anastaafu baada ya miaka kumi na minane, miezi kumi na siku ishirini katika Gereji ya Nasaru, Kitengela. Alifika Januari 1990 na spana zake mwenyewe ndani ya gunia. Tarehe hizi nimezitoa kwenye shajara yangu mimi, mtunza stoo.

Wateja wa mtaa wa Noonkopir walimwita Mzee wa Kisaju. Gari lililofungwa speisa, yaani kile kisahani cha chuma kinachosukuma gurudumu nje, halikuruhusiwa kuondoka kabla ya kuendeshwa hadi Kisaju na kurudi, na nati kukazwa upya. Muda huo wote alisimama langoni, chai ikipoa. Vijana waliotaka magurudumu yatanuke kwa urembo aliwauliza kama gari ni jogoo.

Kuchagua speisa kulimchukua muda mrefu kuliko kuifunga. Alipima matundu ya boliti, tundu la katikati, kisha unene. Speisa ikiwa nene, boliti za zamani hazitoshi; sharti ziwekwe ndefu. Kila nati ilipaswa kushika mizunguko saba au zaidi, naye aliihesabu kwa Kikamba.

Alhamisi, 9 Julai 1998, alikuwa amempeleka mkewe, Mama Roy, kliniki. Samatar, mfanyabiashara wa mbuzi, akaleta pikapu iliyoyumba ikibeba mifugo. Nilitoa speisa za inchi moja kwa kuwa matundu yalilingana. Fundi mwenzetu, Kinyanjui, alizifunga, akakaza mpaka spana ikakataa. Samatar alikuwa akiwahi soko la Kajiado, na mkewe Khadijo alikuwa ndani na mtoto mchanga. Tukamwachia aende bila safari ya Kisaju.

Maundu aliporudi aliuliza jambo moja tu: zilitoka boliti ndefu ngapi? Nikafungua boksi. Zote zilikuwemo. Basi nati zilikuwa zimeshika mizunguko mitatu, pengine minne. Spana hukataa hata hapo. Ndiyo maana yeye alihesabu.

Mimi na Maundu tulimfuata Samatar kwa gari la gereji. Njiani aliniambia nitazame mtaro wa kushoto, yeye atatazama wa kulia. Nilitazama nikiomba nisione kitu. Tulimpata karibu na Isinya, gurudumu la nyuma likicheza, nati mbili kati ya sita hazipo. Samatar alisimama, akashusha kioo, akatania: "Mzee, umenifuata ununue mbuzi?" Maundu alimwomba Khadijo ashuke na mtoto kwanza, ndipo akaweka jeki. Speisa zote zilitolewa pale pale. Mimi nilimshikia nati.

Kesho yake alimwambia meneja kwamba kazi ya speisa ni yake, na kosa ni lake. Akapewa barua ya onyo, ya pekee katika faili lake. Mimi na Kinyanjui tulinyamaza, tukiogopa kufutwa kazi. Tangu hapo amefundisha mafundi kumi na mmoja, Kinyanjui akiwa wa kwanza, na hakuna gurudumu lililochomoka.

Jumatano wiki hii nilikwenda kwa meneja wetu wa sasa, Bi. Virginia, nikamweleza haya niliyoyaandika. Ile barua imetolewa kwenye faili la Fundi. Nyingine imeandikwa, na imewekwa kwenye langu.

Asante, Fundi. Wewe na Mama Roy mkae salama, na Mungu awajalie siku nyingi za utulivu.